Maharagi Yetu Yaondoka Mwezi wa Sita, Yarudi Mwezi wa Tisa kwa Bei ya Mgeni

(Maneno yaliyosemwa na karani wa mgodi wa dhahabu mbele ya wakulima, mama wa soko na wachimbaji waliokusanyika Baraka.)



Tumeitwa tuseme habari za maharagi, na wengine wenu mmecheka. Mmeuliza, makarani wa mgodi wanajua nini habari za maharagi? Kalamu hailimi. Ni kweli, kalamu hailimi, lakini huhesabu. Mwenye jembe huona shamba lake moja. Sisi tunaoandika daftari za stoo twaona mifuko ya watu wengi ikipita mlangoni, ikiingia na ikitoka, na kwa hiyo tumeona jambo ambalo si rahisi kuliona kutoka shambani.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa sita, maharagi ya msimu wa pili yakiisha kupigwa na kupepetwa, mifuko hushuka kutoka vilimani kwa wingi. Kila mtu auza siku zile zile, na mnunuzi hana haraka, hukaa kivulini akangoja bei ianguke mwenyewe bila kuisukuma. Mwezi wa tisa, mvua zikianza kunusa, watu wale wale wanashuka sokoni kutafuta mbegu. Mifuko inapanda tena kwenda vilimani, na bei sasa ni nyingine kabisa. Mara nyingi tumekaa tukitazamana: huu mfuko si ndio ule ule uliopita hapa kabla ya kiangazi? Umetoka kwa mkulima, umelala miezi mitatu katika nyumba ya mtu mwingine, umerudi kwa mkulima. Aliyeulaza amepata zaidi ya aliyeulima.

Tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yetu. Bei tutakazotumia ni za mfano, kila mtu aweke za kijiji chake. Mama mmoja amevuna kilo 200. Amebakiza kilo 50 za kula, akauza kilo 150 siku za mavuno kwa franga 1,500 kila kilo. Amepata franga 225,000, amefurahi, amelipa deni la dawa na malipo ya shule. Mwezi wa tisa zile kilo 50 zimekwisha, na hana mbegu. Ahitaji kilo 30 za kupanda na kilo 60 za kuwalisha watoto mpaka mavuno mengine. Kilo sasa ni franga 3,000. Kilo 90 mara 3,000 ni franga 270,000. Basi tazameni: ameuza kilo 150 na amerudisha kilo 90 tu, na juu ya hayo ametoa franga 45,000 zaidi ya alizopokea. Amemlipa mnunuzi ili amchukulie kilo 60. Hakuibiwa, hakupigwa, hakuandikiwa kodi. Ni hesabu tu.

Tukimwambia mama huyo asiuze mwezi wa sita, atatucheka, tena ana haki. Madeni yapo. Mtoto akishikwa na homa hangoji bei ipande. Lakini tumeuliza katika vijiji vingi, kando ya ziwa na huku juu njia ya Fizi, na jibu linalorudi mara kwa mara si deni. Watu husema: nikiyaweka, yataliwa na fukusi. Heri pesa kidogo kuliko unga wa mashimo. Wazee husema akiba haiozi. Aliyetunga neno hilo bila shaka hakuweka maharagi Baraka.

Basi tumseme huyu fukusi, maana ndiye anayetupangia bei. Ni mdudu mdogo, na amekuja kwa namna mbili. Wa kwanza huanza shambani kabisa. Hutaga mayai kwenye maganda yaliyokauka kabla hatujavuna, na ndiyo maana mtu huapa kwamba aliingiza maharagi safi nyumbani, na baada ya wiki kadhaa ayaona yametoboka. Wa pili hupenda mahali pa joto, na hubandika yai lake juu ya punje. Yai likianguliwa, funza hutoboa na kuingia ndani, hula akiwa amejificha, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka amekwisha kuwa mdudu mzima, akiacha tundu la mviringo. Juu milimani kwenye baridi huenda polepole. Huku kando ya ziwa, kwa joto letu, hukimbia.

Jike mmoja hutaga mayai makumi. Tuseme wafe wengi, wapone majike 10 tu. Mwezi wa kwanza ni 10, wa pili ni 100, wa tatu ni 1,000. Na miezi mitatu ndiyo hasa iliyoko kati ya mavuno ya Juni na kupanda kwa Septemba. Mnunuzi mwenye stoo ajua hesabu hiyo na ana dawa yake; mkulima ajua hesabu hiyo na hana dawa, basi huuza. Mchungaji mmoja alitukumbusha habari ya Esau aliyeuza haki yake kwa mchuzi wa dengu. Esau alau alikula.

Jambo hili la kulima chakula kikaenda tumboni mwa mgodi si geni katika nchi hii. Wakati wa Wabelgiji mwenye kuajiri alilazimishwa kwa sheria kuwapa wafanyakazi posho, na maharagi yalikuwa ndani ya posho ile. Upande wa pili, amri ya mwaka 1917 ilimlazimisha mkulima alime kile alichoagizwa. Siku 60 za mwaka zilikuwa za kilimo hicho, na mwaka 1942, wakati wa vita ya Wazungu, zikafanywa 120. Baba zetu walikaguliwa mashamba kama askari wanavyokaguliwa bunduki. Leo hakuna anayetukagua. Tena wachimbaji wenyewe ni watoto wetu, hawapewi posho na mtu, hununua sahani ya bugali na maharagi kwa mama lishe kandokando ya mashimo na kulipa wanapopata chembe. Maharagi yakipanda bei Baraka, mchimbaji wa Misisi alipa kwa dhahabu yake, na hajui kwamba bei ile ilianza katika mfuko wa mama yake mwenyewe uliouzwa mwezi wa sita.

Tena mbegu. Hapa twaomba mtusikilize sana, kwani chakula kikipotea mtu hulia mwaka mmoja, mbegu ikipotea hulia kizazi. Fizi imekimbia mara nyingi. Ilikimbia 1964 na 1965, wakati wa vita ya Wasimba. Ikakimbia 1996, na tena 1998. Wengi wetu tulikulia ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, tukala chakula cha kupimiwa kwa kopo, unga wa mahindi na mbaazi za kupasuliwa zilizotoka nchi tusizozijua. Meli ya kwanza ya kurudisha watu kutoka Kigoma ilipofika Baraka, Oktoba 2005, watu walishuka na magodoro, mabati, masufuria. Mbegu za bibi zetu hazikushuka, zilikuwa zimekwisha. Zile zenye madoa, zile nyekundu ndefu, zile ambazo kila ukoo ulikuwa na yake na msichana alipoolewa alipewa kibuyu cha kwenda kuanzia: waulizeni wazee wangapi wamezipata tena. Tulipanda tulichopewa, na kilichotoka mbali kingine kilichanua vizuri katika joto letu kisha kikadondosha maua yote.

Na si ajabu kudondosha. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya bahari. Maharagi hayapendi joto hilo. Yakiona siku za moto wakati wa maua, maua huanguka. Yanapenda vilima, mita 1,000 mpaka 2,000, na yale ya kupanda miti yanastahimili hata huko juu zaidi kwenye baridi. Kwa hiyo si lazima kila mtu alime kitu kimoja. Huku chini, Mboko, Lweba, Sebele, Kazimia, tuna kunde, karanga na choroko, na hizo ni ndugu wa maharagi, zinastahimili jua, na kunde hutoa majani ya mboga kabla haijatoa punje. Vilimani tuna maharagi. Hapo zamani mtu wa uwanda wa juu wa Minembwe alishusha maharagi na siagi, mtu wa ziwani akapandisha ndagala, chumvi na mawese, na njia ilikuwa na watu. Tangu mapigano ya mwaka 2019 njia zile zimekuwa za hofu, na kila upande umekosa chakula cha mwenzake. Hatukuja leo kusema habari za kabila gani lilianza. Twasema tu kwamba tumbo la mtoto wa Kibembe na la mtoto wa Kinyamulenge yote mawili yalikuwa yakila katika sufuria hiyo.

Watu wa kituo cha utafiti cha Mulungu, kule upande wa Bukavu, wamefanya kazi ya maharagi miaka mingi. Kituo kile Wabelgiji walikiweka chini ya shirika lao la INEAC lililoanza 1933. Sasa ni cha INERA. Wametoa mbegu zinazovumilia kuoza mizizi, na nyingine zenye madini ya chuma mengi, nzuri kwa mama wenye mimba. Lakini utafiti wa Mulungu hauna faida kwa mtu wa Lulenge kama mbegu yenyewe italiwa na fukusi katika msimu wa kwanza.

Na hapa maharagi yana fadhili ambayo mahindi ya dukani hayana. Mbegu ya mahindi ile ya kisasa, mwaka wa pili huzaa vibaya, lazima urudi dukani. Ua la maharagi hujipa mbegu lenyewe, na mtoto hufanana na mzazi. Ukipata mbegu njema leo, ukachagua mashina yasiyo na magonjwa kabla ya kuvuna, ukayawekea alama ya kamba, mbegu ni yako na ya wajukuu wako, hakuna kampuni itakayokuja kudai. Tena mizizi yake ina vinundu vidogo. Ukikata kimoja ukaona rangi nyekundu ndani, ujue kinafanya kazi, kinachukua chakula cha udongo kutoka hewani. Ndiyo maana muhogo unaofuata maharagi husimama vizuri.

Sasa dawa. Tumeona watu wakinunua vidonge vya kufukiza sokoni, wakavitia ndani ya mfuko, wakaweka mfuko chini ya kitanda. Ndugu zetu, vidonge vile hutoa hewa inayoua, na huua mtu kama inavyoua mdudu. Msivitumie nyumbani hata kidogo. Iko njia isiyo na sumu, tena kila nyumba ya Baraka ina chombo chake: bidoni ya njano ya lita 20, ile ya mafuta ya kula. Isiwe iliyobeba petroli wala dawa ya shamba. Osheni kwa sabuni, kausheni kabisa. Maharagi yaanikwe juani siku kadhaa juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, tieni kidogo ndani ya chupa pamoja na chumvi kavu, tikiseni, ngojeni kidogo. Chumvi ikishika kwenye chupa, bado. Ikianguka yote chini, tayari. Halafu jazeni bidoni mpaka shingoni, gongeni chini ili yashuke, ongezeni, hewa isibaki, fungeni kifuniko na mzibe kwa nta au kwa mpira wa baiskeli. Fukusi aliyemo ndani atavuta hewa ile kidogo mpaka iishe, naye ataisha. Msifungue mpaka siku ya kupanda. Mwenye kufungua kila wiki kuchungulia, anamfungulia fukusi dirisha.

Asiye na bidoni atumie mfuko wa plastiki wa safu, ile mifuko iliyobuniwa kwa ajili ya kunde za Kameruni, ikipatikana sokoni. Na asiye na chochote, iko njia nyingine tuliyoipenda kwa sababu haigharimu hata franga moja: kugeuza. Weka maharagi katika mfuko usiojaa sana, na uubingirishe asubuhi na jioni kila siku. Funza akianguliwa huhitaji saa nyingi kutoboa punje, na lazima ajiegemeze kwenye punje ya jirani. Ukizigeuza, anapoteza tundu alilolianza na hana nguvu ya kuanza tena na tena. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtoto kabla ya kwenda shule.

Bidoni moja hubeba kama kilo 15 za maharagi. Kumbukeni sasa yule mama wa hesabu yetu, aliyenunua kilo 30 za mbegu kwa franga 90,000. Mbegu yake yote ni bidoni mbili.

Tunajua mtakalosema, kwa kuwa mmekwisha kulisema jana jioni pale bandarini. Mmesema: ninyi makarani mnataka tukusanye maharagi katika ghala moja, ili watu wa bunduki wapate kazi nyepesi. Hilo ni neno zito, na aliyelisema hakukosea. Tumeona maghala ya ushirika yakijengwa kwa mabati mapya na kibao kikubwa barabarani, na baada ya usiku mmoja yakabaki mabati. Hata serikali kuu hupenda kitu kikubwa cha kuonekana. Mwaka 2014 ilizinduliwa shamba la Bukanga-Lonzo upande wa Kwango, hektari 80,000, matrekta yamepangwa mstari. Mwaka 2017 lilikuwa limekwama, na habari zake zikaishia mahakamani. Sisi hatuombi Bukanga-Lonzo ndogo hapa Fizi.

Tunachoomba ni kinyume cha ghala. Bidoni nyingi katika nyumba nyingi, moja chini ya kitanda, moja nyuma ya jiko, moja imefukiwa kama wazee walivyofukia kibuyu, na kwa mama mjane asiye na mlango bora, kwa jirani anayemwamini. Kilicho kimoja kiwe daftari. Katika daftari huandikwa nani ameweka bidoni ngapi za mbegu ya namna gani, ili mwezi wa tisa aliyenyang'anywa au aliyekimbia ajue mbegu iko kwa nani, akope bidoni moja, arudishe moja na nusu baada ya mavuno. Nyumba kumi zikivunjwa, bado mbegu ipo. Na mwenye kuuza maharagi ya kula atazame daftari, ajue jirani zake wameweka ngapi, wakubaliane wasiuze wote wiki moja.

Habari ya barabara hatuwezi kuipita kimya, ingawa leo si siku yake. Barabara ya taifa namba 5, kutoka Uvira hadi hapa na Fizi mpaka Lulimba na Kalemie, ndiyo mshipa wetu, na mfuko unaotoka Lubondja hulipa vizuizi vingi kabla haujaona ziwa. Sheria ya madini iliyofanyiwa marekebisho Machi 2018 inasema kwamba katika ushuru ambao kampuni hulipa kwa madini iliyoyatoa, sehemu ya asilimia 15 ni ya serikali za mahali, yaani sekta na mji ambamo madini yamechimbwa. Hiyo ingeweza kutengeneza njia za mashamba. Lakini dhahabu ya Fizi nyingi huchimbwa kwa mikono, huondoka mfukoni mwa mtu, haiandikwi popote, na asilimia 15 ya kitu kisichoandikwa ni sifuri. Wenye kutuongoza katika sekta nne, Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganika, waulizwe jambo hilo katika mkutano wao, nasi tutaleta karatasi.

Turudi kwenye bidoni, kwani mavuno yako mlangoni. Jumamosi ijayo kila kijiji kilete watu wawili, na angalau mmoja awe mama, kwa kuwa ndiye anayejua mbegu. Waje na kopo moja la kila namna ya maharagi au kunde iliyobaki kwao, hata kama ni punje ishirini tu. Wazee watazitaja majina, na vijana wataandika. Mama wa Ubwari wametutumia habari kwamba wanazo kunde nyekundu ambazo huku bara zilipotea. Tutafurahi kuziona.

Kuna aliyeuliza, je, daftari lenyewe likianguka mikononi mwa watu wabaya? Hapo ndipo kalamu ina kazi. Hatutaandika majina wala nyumba. Kila mtu atachagua alama yake, samaki, mwezi, jembe, chochote, na alama zitajulikana na watu wawili tu katika kijiji. Mwizi akilisoma ataona samaki ana bidoni tatu na mwezi ana mbili, aende akatafute samaki katika ziwa. Daftari tutaliandika sisi bila malipo, na litasomwa kwa sauti mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.

Sasa tunangoja maulizo. Mama wa pale nyuma aliyeinua mkono tangu zamani aanze.